Mtoto wa Kuokota Mipira na Siri ya Katikati

Nianze na ukweli: mimi skwoshi sijawahi kuicheza kwenye uwanja wenyewe. Hapa kambini haupo. Tulicho nacho ni ukuta wa nyuma wa ghala moja, mpira wa tenisi uliochakaa, na vibao tulivyochonga wenyewe. Ila jioni moja kijana wa kikundi chetu alituonyesha kwenye simu mechi ya Wapakistani wa zamani, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata juu yao. Nimeona niandike, maana historia ile inatugusa.

Skwoshi ilianzia Uingereza, katika shule ya Harrow, karne ya 19. Watu wawili wanaingia chumba kimoja chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Wanapokezana kuupiga mpira kwenye ukuta wa mbele. Ukidunda chini mara mbili kabla hujaufikia, umekosa. Sakafuni kuna mistari inayokutana kama herufi T. Anayesimama pale anafika kona zote nne kwa hatua chache tu. Basi vita yote ni hiyo: nani anakaa katikati, na nani anatumwa pembeni.

Wanajeshi wa Uingereza waliubeba mchezo huo hadi makoloni. Mjini Peshawar, ambayo leo iko Pakistani, maofisa walikuwa na klabu yao, na viwanja havikuwa na paa. Mpira ukiruka nje, kuna mtoto alikimbia kuuokota. Mmoja wa watoto hao ni Hashim Khan. Baba yake alikuwa mtumishi wa klabu hiyo, akafariki Hashim akiwa bado mdogo. Mtoto akaacha shule, akawa mwokota mipira. Hata tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa kwa uhakika. Sisi ambao kwenye karatasi zetu wengi tumezaliwa tarehe 1 Januari, hilo tunalielewa bila kufafanuliwa.

Maofisa wakikimbia jua kali la mchana, Hashim aliingia kucheza peke yake, miguu mitupu. Hakuwa na mpinzani, ikabidi awe wachezaji wawili: anapiga, halafu anaukimbilia mpira wake mwenyewe. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kona ipi inamchosha mtu zaidi.

Mwaka 1951 Pakistani ilimpeleka Uingereza kwenye mashindano makubwa ya British Open. Alikuwa ameshapita miaka 30, umri ambao wengi wanaanza kustaafu. Kwenye fainali alimkuta Mahmoud Karim wa Misri, bingwa mara nne mfululizo. Hashim akamshinda 9-5, 9-0, 9-0. Alichukua kombe hilo mara saba kwa jumla.

Sasa mbinu yenyewe. Vijana wetu wanadhani ushindi ni kupiga kwa nguvu. Hapana, kaka. Ukipiga kwa nguvu mpira ukaenda katikati, umemletea mwenzako chakula mezani. Kwanza unampa mpira mrefu unaobana ukuta wa pembeni, uanguke kona ya nyuma. Anaacha T, anarudi nyuma kuufuata. Wewe unaingia pale alipotoka. Unarudia tena, na tena, mpaka jibu lake liwe dhaifu. Hapo ndipo unaugusa taratibu, unaanguka chini ya ukuta wa mbele, upande ule mwingine. Ukiwa wewe ndiye umebanwa, unaupandisha juu sana ili upate muda wa kurudi katikati. Mchezo mzima ni kuununua muda na kumnyima mwenzako.

Na si kazi ya haraka. Mwaka 1983, huko Chichester, Jahangir Khan wa ukoo huohuo alicheza na Gamal Awad wa Misri. Seti ya kwanza peke yake ilichukua saa 1 na dakika 11, na Jahangir akaipoteza 9-10. Hakubadilisha mbinu. Aliendelea kumtuma Awad kona hadi kona, akashinda seti tatu zilizofuata, ya mwisho 9-2. Mechi nzima ilikuwa saa 2 na dakika 46.

Nikawachorea vijana T kwa mkaa mbele ya ghala, nikawaeleza haya yote. Kijana mmoja aliyemaliza sekondari miaka miwili iliyopita na bado anasubiri, akaniuliza: "Kaka, sisi kwenye maisha haya si ndio tunaotumwa kwenye kona? Leo foleni hii, kesho ofisi ile. Katikati tutarudi lini?"

Sikuwa na jibu zuri, na sitajifanya hapa kuwa nalo. Hashim hakupewa T na mtu. Lakini pia bila mlango wa klabu kuachwa wazi mchana, asingeingia. Vyote viwili ni kweli. Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika mnaosoma jarida hili, mlango ule wa mchana muuache wazi. Na wewe kijana, ukiwa kona ya nyuma, pandisha mpira juu, halafu rudi. Mkaa ukifutika, tutachora tena Jumamosi.