Kito Kilichofichika: Historia Fupi ya Maneno Yanayokera katika Uhakiki wa Migahawa

Sisi wahakiki wa fasihi tuna desturi ya kuvidharau vitanzu vidogo. Barua, tangazo la biashara, hotuba ya harusini, hivyo tunawaachia watu wa isimu. Lakini kipo kitanzu kimoja cha uhakiki ambacho leo kina waandishi wengi kupita wahakiki wote wa riwaya na ushairi ukiwajumlisha pamoja. Nacho ni tathmini ya mgahawa mtandaoni. Mtu amekula, amelipa, na kabla hajafika nyumbani ameshatoa nyota zake na aya mbili za maelezo.

Na aya hizo, ndugu msomaji, zinakera. Mgahawa ulioko barabara kuu, wenye bango la taa unaloliona toka mbali, huitwa "kito kilichofichika". Nyama lazima "iyeyuke mdomoni". Kuku ni "wa kufia", kana kwamba kuna mtu amewahi kufa kwa ajili ya kuku. Mlo si mlo tena, ni "tajriba", au vibaya zaidi, "safari ya ladha". Mwandishi hawezi kuanza bila kutujulisha kwamba alifuatana na mume wake na kwamba siku hiyo walikuwa wanaadhimisha miaka kumi ya ndoa, habari ambayo haimsaidii kitu mtu anayetaka kujua kama samaki alikuwa wa leo au wa juzi. Mwishoni huja kibwagizo: "Tutarudi tena!" Ninayafasiri maneno haya kutoka Kiingereza, maana huko ndiko yalikokomaa.

Maelezo ya harakaharaka ni kwamba umma haujui kuandika, basi. Mimi siyakubali. Ukifuatilia historia ya kitanzu hiki utakuta kwamba karibu kila kaida inayotukera ilianzishwa na mabingwa. Umma umerithi maneno tu. Masharti yaliyokuwa yanayabana maneno hayo haukurithishwa.

Tuanze Paris. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 migahawa iliongezeka sana katika jiji hilo, na wakatokea watu wenye fedha mpya wasiojua wale wapi. Mwaka 1803 Grimod de La Reynière akawatolea Almanach des gourmands, kitabu kilichoendelea kutoka hadi 1812, kikiwaongoza wasomaji kwenye migahawa, maduka ya nyama na waokaji wa keki. Grimod aliunda baraza la waonjaji. Wafanyabiashara walileta vyakula vyao nyumbani kwake, baraza likaonja, hukumu ikachapishwa. Na vyakula hivyo vililetwa bure! Haikuchukua muda watu wakaanza kunong'ona kwamba hukumu zinanunuliwa. Kwa hiyo anayedhani sifa za kulipiwa zimeletwa na intaneti amechelewa miaka mia mbili. Hata ile sauti ya mtu anayejiona ana ulimi uliobarikiwa kupita ndimi za wenzake, tunaiona kwa Grimod ikiwa imeshakomaa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anafanya mzaha nusu, na wasomaji wake walijua.

Nyota zina asili nyingine. Kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1900, ukigawiwa bure kwa wenye magari ili wasafiri zaidi na matairi yaishe haraka. Nyota ya chakula ilianza 1926, na mwaka 1931 zikaongezwa nyota mbili na tatu. Hazikuzidi tatu mpaka leo. Hilo tulishike, kwa sababu nyota tatu za Michelin ni adimu kwelikweli, wakati nyota tano za mtandaoni zimekuwa kama salamu. Ukitoa nne unaonekana una kinyongo.

Aliyefanya kazi hii iwe na nidhamu ni Craig Claiborne, aliyeshika ukurasa wa chakula wa New York Times mwaka 1957. Mhakiki kwa taratibu zake huenda bila kujitambulisha, huenda zaidi ya mara moja, na bili hulipwa na gazeti. Mwaka 1963 alianza kugawa nyota. Ukimsoma mhakiki wa namna hii, neno "tutarudi tena" halina kazi, kwa kuwa kurudi ni sharti la kuandika. Kumbe ahadi ile ya mtandaoni ni kivuli cha wajibu wa zamani: yule alirudi ndipo akaandika, huyu anaandika kwamba atarudi.

Lugha ya mahaba nayo ina mlango wake. Gael Greene alianza kuhakiki migahawa katika jarida la New York mwaka 1968, akaandika juu ya chakula kama mtu anayesimulia mapenzi yake, bila soni. Kwake ilikuwa mtindo wa mtu mmoja, na katika enzi hiyo ilishtua. Huyu huyu ndiye aliyelichapisha neno "foodie" mwaka 1980, neno linalowaudhi wengi mpaka leo. Lakini mtindo wa mtu mmoja ukiigwa na milioni moja huwa nini? Huwa sitiari iliyokufa. Keki ya chokoleti leo ni "dhambi" na "ya kutia ashiki", na anayeandika hivyo hahisi chochote, wala msomaji haoni haya.

Halafu wakaja Tim na Nina Zagat, mtu na mkewe, wanasheria wa New York. Mwaka 1979 walianza kuwauliza marafiki zao juu ya migahawa, wakajumlisha alama na kuchapa orodha. Ikawa kitabu, kitabu kikawa biashara kubwa, na Google ikainunua mwaka 2011. Kwa maoni yangu Zagat ndiye babu halisi wa tathmini za leo kuliko Grimod. Kwanza, aliugawa mlo katika alama za mafungu: chakula, mazingira, huduma. Hebu soma tathmini yoyote utaona gwaride lile lile, fungu moja likimfuata jingine hata pale ambapo mwandishi hana la kusema juu ya mazingira. Pili, vitabu vyake viliunganisha vipande vya maneno ya walaji mbalimbali, kila kipande ndani ya alama za mtajo, mpaka sentensi moja ikawa na wasemaji wanne. Kipande kama hicho kinahitaji neno fupi lenye rangi kali. Umma ulifundishwa kutafuta maneno ya kunukuliwa.

TripAdvisor ilipoanza mwaka 2000 na Yelp mwaka 2004, mafunzo yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni kufungua mlango.

Mwaka 2014 Dan Jurafsky na wenzake watatu walichapisha utafiti wa takriban tathmini 900,000 za Yelp kutoka miji ya Marekani. Matokeo yake yanapaswa kumvutia mwanafunzi yeyote wa fani. Waliosifia migahawa ya bei mbaya walitumia maneno marefu na lugha ya mahaba. Waliosifia vyakula vya bei nafuu, chipsi, baga na vitu vitamu, walitumia lugha ya mateja: nimenaswa, nina arosto. Na waliolalamika? Hao ndio wenye hadithi. Walitumia wakati uliopita na nafsi ya kwanza wingi, wakasimulia matendo ya watu wengine, wahudumu na mameneja, kuliko ladha ya chakula. Watafiti wanasema muundo huo unafanana na masimulizi ya watu waliopatwa na msiba. Jamani, supu imechelewa, lakini inasimuliwa kama ajali ya meli! Hapa nadhani chuku si tatizo la tabia tu. Anayelalamika anatafuta mashahidi, na "sisi" ile ni ya mtu aliyedhalilishwa mbele ya wenzake. Kilichomuuma ni heshima.

Kabla hatujawacheka sana, tujitazame. Ni wangapi kati yetu tumeandika kwamba "jina la kitabu linasadifu yaliyomo" na kwamba mwandishi "amefaulu kwa kiasi kikubwa kutumia lugha nyepesi inayoeleweka"? Chakula, mazingira, huduma. Fani, maudhui, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Gwaride ni lile lile. Sentensi ya namna hiyo unaweza kuiandika juu ya riwaya usiyoifungua.

Kwetu pwani tunaguswa kwa njia nyingine pia. Watalii wanaoandika juu ya migahawa ya Zanzibar wamelichukua neno letu "polepole" wakaligeuza tasifida ya "nimecheleweshewa chakula". Huduma ilikuwa polepole, wanaandika, kisha wanaongeza "hakuna matata" ili waonekane hawana kisirani. Kielezi cha kawaida kabisa kimefanywa hulka ya taifa. Halafu lipo neno "halisi". Mtu aliyekaa siku tatu Mji Mkongwe anatoa hukumu kwamba pilau hii ni halisi na ile si halisi, wakati pilau yenyewe ilivuka bahari kuja kwetu. Mlaji wa kwa mama ntilie hana maneno haya. Yeye husema wali una mawe, mchuzi maji matupu, ugali mbichi. Ni uhakiki mkali, lakini unamwambia mpishi la kufanya kesho. "Tajriba ya wastani" inamwambia nini?

Na mpishi ana haja ya kuambiwa, kwa kuwa hapa pana mkate wa watu. Michael Luca wa Harvard alionyesha mwaka 2011, kwa migahawa ya Seattle, kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo iliiangukia migahawa inayojitegemea. Ile ya makampuni yenye matawi haikutikisika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Enzi hii kizuri nacho kinatembezwa, na asiye na watembezaji anafunga duka.

Umbali kati ya maneno na chakula ulipimwa London mwaka 2017. Kijana mmoja, Oobah Butler, aliyewahi kulipwa kuandika tathmini za uongo, aliandikisha kibanda cha uani kwake kwenye TripAdvisor kwa jina la The Shed at Dulwich. Hapakuwa na mgahawa wala jiko. Picha za "vyakula" zilipambwa kwa povu la kunyolea. Marafiki zake wakaandika tathmini, na hawakuhitaji kubuni lugha, lugha ilikuwepo tayari. Mahali palianza kwenye nafasi ya 18,149, na tarehe 1 Novemba pakawa pa kwanza katika jiji zima. Simu zililia. Usiku mmoja akafungua kweli, akawapa wageni vyakula vya dukani vya bei ya chini vilivyopashwa moto, na baadhi yao waliuliza kama wanaweza kuja tena.

Miaka mitano kabla ya hapo, Machi 2012, huko North Dakota, Marilyn Hagerty, bibi wa miaka 85, aliandika katika Grand Forks Herald juu ya tawi jipya la Olive Garden mjini kwake. Aliandika alivyoketi, ukumbi ulivyo, mhudumu alivyompendekezea nini. Hakuwa na kito wala safari. Wakubwa wa mijini walimcheka nchi nzima kwa siku kadhaa, kisha kicheko kikageuka heshima, na mwaka 2013 Anthony Bourdain akachapisha kitabu cha makala zake. Makala ile ukiisoma leo bado unajua alikula nini: kuku na tambi za mchuzi wa krimu. Mhudumu alimshauri anywe limau ya rasiberi. Akanywa maji.