Kiuyu Ipi?

Ukimwambia Mpemba kwamba unakwenda Kiuyu, usishangae akikuuliza: Kiuyu ipi? Maana ipo Kiuyu Mbuyuni, kule Micheweni, kwenye ardhi ya mawe na watu wa bahari na mwani. Na ipo Kiuyu Minungwini, Wilaya ya Wete, upande wa mikarafuu. Jina moja, maisha mawili. Mwanafunzi anayejifunza kuandaa utafiti wa takwimu za jamii angeanza na swali hilo hilo, kabla hajajumlisha chochote. Hesabu huanzia kwenye kuamua nani ahesabiwe, aitwe nani, na atiwe fungu gani.

Historia ya Zanzibar inalifundisha somo hili vizuri mno. Sensa ya 1924 iliandika Waswahili wapatao 34,000. Miaka saba baadaye, sensa ya 1931 ikawaona kama 2,000 tu. Je, walikufa? Walihama? La hasha! Watu walikuwepo pale pale, wanalima na kuvua kama jana. Ila jina "Mswahili" lilikuwa limeshaanza kunukia utumwa, na wengi wakajiandikisha kwa majina mengine: Mshirazi, Mhadimu, Mtumbatu, Mpemba. Jedwali likaonyesha watu wametoweka, kumbe lililohama ni jibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Edward Batson, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akaongoza utafiti mkubwa wa kijamii wa visiwa hivi. Huu haukupita kila nyumba kama sensa, ulitumia sampuli. Na sampuli tunaijua sisi. Mnunuzi wa karafuu hamwagi gunia zima, anatia mkono. Lakini akiishia kuchota za juu tu, huenda akarudi nyumbani na makonyo.

Sasa hebu tutazame mafungu. Majedwali ya Batson ya umiliki wa mashamba yaliwapanga watu kwa makabila yao: Waarabu huku, Washirazi kule. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Mapinduzi, Michael Lofchie aliyatumia katika kitabu chake kuhusu chimbuko la Mapinduzi hayo. Hivyo mistari iliyochorwa kwenye hojaji ikawa miwani ya kuitazamia damu iliyomwagika. Sisemi kwamba tarakimu zilikuwa za uongo. Nasema ukigawa watu kwa kabila, utakachokiona ni kabila. Ungegawa kwa kisiwa, ungeona kwamba wenyeji wa Pemba walimiliki mikarafuu kwa wingi kuliko wenzao wa Unguja. Ungegawa kwa udongo, ungeona kwamba mkarafuu haustawi juu ya mawe, awe mwenye shamba ni nani.

Upo pia mfano wa kutia moyo. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2004/05 ulipangwa ili kila wilaya ionekane peke yake. Zanzibar ilikuwa na wilaya kumi, na Micheweni ikaibuka maskini kuliko zote. Wastani wa Zanzibar nzima ungelifunika jambo hilo, kama maji yanavyofunika mwamba bamvua likijaa.

Ndiyo maana mimi huwaambia wapenzi wa fasihi wasizikimbie takwimu wakidhani ni za watu wa hesabu. Sisi tunaojua kuuliza "nani anasimulia hadithi hii, na nani kaachwa nje?" tumeshafika nusu ya safari. Jedwali nalo lina msimulizi. Lina wahusika, na lina ukimya wake.

Basi siku ukikutana na tarakimu inayosema "watu wa Kiuyu", usiikubali wala usiikatae. Uliza kwanza kama angeuliza Mpemba: Kiuyu ipi?