Njia za Miguu kati ya Umatengo na Ziwa Nyasa



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunawaalikeni tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalikanyaga kila siku pasipo kulitazama: njia za miguu zinazotoka katika milima ya Umatengo na kushuka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa.

Katika visiwa vidogo vya Bahari ya Mediterania njia za namna hii zimepata heshima mpya. Huko Amorgos, kisiwa kidogo cha Ugiriki, wenyeji walitembea karne nyingi kwa miguu na kwa punda kutoka kijiji hadi kijiji, na kufika hadi monasteri ya Bikira Maria iliyojengwa ubavuni mwa jabali, juu ya bahari, tangu karne ya 11. Barabara za magari zilipofika, njia zile zilianza kuota majani. Baadaye zilisafishwa na kuwekewa vibao, na leo wageni kutoka nchi za mbali huja kuzitembea ili kuburudisha mwili na roho. Wapo miongoni mwetu wanaotamani jambo kama hilo lifanyike huku kwetu, maana milima tunayo, ziwa tunalo, na njia zipo. Nasi tunaliunga mkono wazo hilo. Hata hivyo, kabla ya kusimamisha kibao cha kwanza, hatuna budi kujiuliza: ni nani waliozipita njia hizi kabla yetu, na walikuwa wamebeba nini?

Tuanze na nchi yenyewe. Uso wa Ziwa Nyasa uko yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, hali milima ya Umatengo hupita mita 1,500. Mtu atokaye milimani kwenda Mbamba Bay, Liuli au Lituhi hushuka zaidi ya mita 1,000. Anaacha nyuma baridi na ukungu, naye anakuta joto, miembe na mashamba ya mihogo. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa njia. Ziwani walikuwapo Wanyasa, Wampoto na Wamanda, wenye usipa na mbasa. Milimani walikuwapo Wamatengo, wenye maharage na mahindi. Kila upande ulikuwa na kile alichokikosa mwenzake. Mama aliyepanda mlima na kapu la usipa mkavu kichwani, na mama mwenzake aliyeshuka na mzigo wa maharage, hao ndio walioifanya njia iwe njia.

Aidha, njia hizo zilipita katika ardhi ya watu. Wamatengo waliigawa nchi yao kwa ntambo, yaani sehemu ya mlima iliyo kati ya mabonde mawili, ambamo watu wa ukoo mmoja waliishi na kulima. Hapo walilima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana hata yakafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Mlima mzima hubaki na mashimo yaliyopangika vizuri, na mvua inyeshapo maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka pamoja na udongo. Mpita njia alipita pembeni mwa kazi hiyo ya mikono kwa adabu, akijua kwamba anapita nyumbani kwa watu. Njia ya miguu haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilidumu kwa sababu majirani walikubaliana idumu.

Lakini si kila aliyepita alikuwa na kapu la samaki. Katika karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walifika na kuitawala nchi ya Songea. Mashambulizi yao yaliwafanya Wamatengo wakimbilie juu zaidi milimani na kujificha katika mapango na majabali ya Litembo. Kukusanyika huko kwa watu wengi katika nchi ya miteremko mikali hutajwa na watafiti kuwa sababu mojawapo ya kilimo cha ngoro kushamiri. Basi njia zile zile za soko zilikuwa pia njia za kukimbilia uhai.

Liko jambo zito kuliko hilo. Kutoka pande za Ziwa Nyasa, misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilielekea Kilwa. Mwaka 1866 David Livingstone alianza safari Mikindani, akaufuata mto Ruvuma kuelekea bara, na mwezi Agosti akafika ziwani, upande wa mashariki ambao leo uko Msumbiji. Njiani, mwezi Juni, aliona maiti za watumwa zikiwa zimefungwa kwenye miti: walikuwa watu walioshindwa kuendelea na mwendo wa msafara. Miongoni mwa wafuasi wake alikuwamo Chuma, ambaye mwenyewe aliokolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko mwili ulipokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa amekwisha kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini biashara hiyo haikukoma siku moja.

Tunayasema haya kwa sababu ni rahisi kuisifu njia ya kale kana kwamba ilipitwa na watu wema peke yao. La hasha. Udongo ule ule ulipokea nyayo za mfanyabiashara wa samaki na za mtu aliyefungwa shingoni. Atakayemwongoza mgeni katika milima hii akamwonyesha mandhari ya ziwa tu, pasipo kumweleza habari hiyo, atakuwa amemwonyesha nusu ya nchi.

Injili nayo ilikuja kwa miguu. Katika mwambao wa ziwa ndugu zetu Waanglikana walitangulia. Padre William Percival Johnson alitumikia vijiji vya ziwani kwa zaidi ya miaka 40, akisafiri kwa mashua na kwa miguu, ingawa jicho lake moja lilikuwa limepofuka na la pili lilikuwa dhaifu. Alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko huko. Kwa upande wetu Wakatoliki, Wabenedikti wa Mtakatifu Otilia walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, kisha wakapanda Umatengo na kuanzisha misheni ya Litembo mwaka 1914. Padre Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, alipokuwa amekwisha kuwa askofu, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 katika vita vya Majimaji. Alikuwa njiani, akitembea kutoka Kilwa kuelekea Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili, nao wote waliuawa pamoja naye.

Hata kanisa kuu la jimbo letu la Mbinga, jimbo lililoundwa mwaka 1986, limewekwa chini ya ulinzi wa msafiri. Mtakatifu Kiliani alikuwa mmonaki wa Ireland aliyeiacha nchi yake katika karne ya 7, akahubiri hadi Würzburg huko Ujerumani, akafia imani yapata mwaka 689. Jimbo la Würzburg ni rafiki wa jimbo letu hadi leo, na ndiyo maana jina la mtembezi huyo wa mbali linatajwa katika sala zetu.

Wapendwa, hapa tunaomba tusimame kidogo. Majina ya mapadre, mabruda na masista waliotembea njia hizi tunayo. Yameandikwa katika vitabu na juu ya makaburi. Lakini misumari, vitabu vya misa, dawa na kengele havikutembea vyenyewe. Vilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa siku nyingi. Walikuwapo pia makatekista waliotoka kijiji kimoja hadi kingine kufundisha, wakati padre alipoweza kufika mara chache tu kwa mwaka. Wengi wa watu hao hawana jina katika kumbukumbu yoyote. Ikiwa historia ya Kanisa letu imeandikwa kwa wino, basi sura zake za kwanza ziliandikwa kwa miguu ya watu hao, nasi tunawiwa nao deni.

Njia hizo hizo zilipandwa pia na askari. Mwaka 1902 Wamatengo walipambana na majeshi ya Wajerumani huko milimani, na damu ya wengi ilimwagika. Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, na vijana wetu wengi walizishika njia hizi kwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wengine walirudi na baiskeli na nguo, wengine hawakurudi kamwe. Kahawa ilipoingia Umatengo katika miaka ya 1920, nayo ilianza safari yake ya kwenda duniani ikiwa kichwani mwa mkulima.

Leo mambo yamebadilika. Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, na barabara ya lami ya kilomita 66 hivi inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay. Mgonjwa anafikishwa hospitali kwa muda mfupi, usipa unafika sokoni ungali mzuri, na mwanafunzi harudi nyumbani na miguu iliyovimba. Hatuwezi kuililia njia ya miguu kana kwamba mateso ya kutembea yalikuwa baraka. Mama aliyebeba mzigo kupanda mita 1,000 hakuwa akiburudika. Alikuwa akitafuta chakula cha watoto wake.

Hata hivyo, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba njia isiyopitwa hulimwa, huzibwa, na hatimaye hubishaniwa. Anayeumia kwanza ni yule asiye na nauli wala pikipiki, ambaye bado anaitegemea njia ya mkato kwenda kisimani, zahanati au kanisani. Ya pili ni kwamba njia ikifa, hufa pamoja na majina yake: mahali pa kupumzikia, chemchemi, jiwe ambalo chini yake mababu walijificha. Wazee wanaoyajua majina hayo wanatutoka kila mwaka, na vijana wetu wanaijua barabara tu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache yanayowezekana. Mosi, kila jumuiya ndogondogo imtafute mzee mmoja au bibi mmoja anayeifahamu njia ya zamani ya eneo lake, iandike majina ya mahali na habari zake, za furaha na za uchungu. Pili, vijana waitembee njia hiyo pamoja naye, au kwa maelekezo yake ikiwa nguvu zimempungukia. Tatu, tunapogawana au kuuziana mashamba, tukubaliane mbele ya mashahidi kwamba njia ya watu ibaki wazi. Hayo yakifanyika, vibao vya wageni vitakuwa na la kusema, na faida itakayopatikana iwafikie kwanza wenye ntambo ambamo njia inapita.

Tena, mwezi huu wa sala kwa marehemu, tuwaombee wote waliofia njiani kati ya milima hii na ziwa: waliofungwa minyororo, wapagazi, askari, vijana wa manamba na wahubiri. Mungu anayajua majina yote ambayo sisi hatukuyaandika.