Kukosa, Kosa na Onyo katika Lugha za Kompyuta

Kitenzi kukosa kina maana mbili ambazo wasemaji hawana haja ya kuzitenganisha. Aliyesafiri kutoka Nachingwea hadi Ruangwa kumtafuta ndugu yake asimkute, amemkosa; aliyevunja ahadi aliyompa ndugu huyo, naye amekosa. La kwanza ni kutopata, la pili ni hatia. Watungaji wa lugha za kompyuta wamebishana miaka mingi juu ya mpaka huohuo, na yafaa waundaji wa istilahi waijue historia ya ubishi wao kabla ya kugawa maneno.

Tuchukue safu, yaani orodha ya thamani zilizopangwa kwa nafasi au kwa majina. Mkoa wa Lindi ulihesabiwa watu 864,652 katika sensa ya 2012; kati yao 178,464 walikuwa wa Nachingwea na 131,080 wa Ruangwa. Tuseme karani ameziingiza takwimu hizo kwa kufuata orodha ya wilaya iliyotungwa kabla Ruangwa haijawa wilaya. Safu ina nafasi tano, na programu inaulizia ya sita. Mashine ijibu nini?

Jibu la kwanza ni kugoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tony Hoare na wenzake katika kampuni ya Elliott Brothers, Uingereza, walitengeneza mfumo wa lugha ya ALGOL 60 ambao ulikagua kila nafasi iliyoulizwa. Baadaye wateja waliulizwa kama wangependa ukaguzi huo uondolewe ili kazi iende kasi. Walikataa kwa kauli moja, kwa kuwa walijua jinsi makosa hayo yalivyokuwa mengi. Hoare alikisimulia kisa hicho mwaka 1980 alipopokea Tuzo ya Turing.

Lugha ya C, aliyoitunga Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikulazimisha ukaguzi. Anayeulizia nafasi ya sita huweza kupewa chochote kilichomo kwenye kumbukumbu baada ya ile ya tano, nacho huenda kisihusiane na sensa hata kidogo. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo jibu baya kuliko yote, maana lina sura ya ukweli.

Lugha ya PHP, iliyoanza mwaka 1995, ilishika njia ya kati: ilitoa taarifa ndogo, ikarudisha thamani tupu, ikaendelea. Thamani tupu ikijumlishwa huhesabiwa sifuri. Hivyo mkoa wetu ungekuwa na watu 733,572, na Ruangwa nzima ingetoweka pasipo programu kusimama. Mwaka 2019 wahusika walijadili kama taarifa hiyo ipandishwe daraja. Waliopinga walikuwa na hoja: programu nyingi za zamani ziliitegemea tabia hiyo kwa makusudi, na kutokuwamo kwa jina katika safu si hatia. Toleo la 8.0, lililotoka Novemba 2020, liliipandisha kuwa onyo. Hata hivyo thamani tupu iliendelea kurudishwa.

Hapa ndipo istilahi zinapotuhusu. Tukiliita kila tukio la namna hii kosa, tumekwisha kuwapa ushindi upande mmoja wa mabishano. Twapendekeza kukosekana kwa hali yenyewe ya nafasi kutokuwamo, na kosa kwa lile tu linalosimamisha kazi. Taarifa ibaki daraja la chini. Neno batili tungeliacha, kwani kitu batili hakina nguvu, ilhali hapa thamani imerudishwa na imetumika.

Onyo lina asili nzuri zaidi. Kuonya kumetokana na kuona: ni kumfanya mtu aone. Ujumbe unaoandikwa katika jalada lisilofunguliwa na mtu, kama zinavyofanya programu nyingi, bado haujamwonya yeyote. Kwa ujumbe wa namna hiyo huenda kumbukizo likafaa zaidi.