Mwalimu Ohm na Waya wa Bwenini

Wazee wenzangu wa shule hii, nanyi wanafunzi mliomo madarasani leo, hapana hata mmoja aliyepita katika maabara yetu ya fizikia asiyekariri kanuni ya Ohm. Tuliikariri, tukaijibu katika mtihani, kisha wengi wetu tukaiacha langoni siku ya kuhitimu.

Mimi sikuweza kuiacha. Jumamosi moja jioni, tulipokuwa tukijitayarisha kwa dansi, tulichomeka pasi nne katika waya mmoja mwembamba. Fyuzi ikakatika. Mjuaji mmoja, ambaye simtaji maana atasoma hapa, akaweka kipande kinene cha shaba mahali pa fyuzi. Shati la pili halijanyooka, mpira wa waya ukaanza kutoa moshi. Mwalimu wetu hakutuchapa. Alitupa chaki Jumapili nzima, tupige hesabu ya tulichokifanya. Hesabu hiyo nitaieleza, lakini kwanza tumjue aliyetuwezesha kuipiga, kwani naye alikuwa mwalimu wa shule.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Mzee huyo alijisomesha hisabati mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe. Mwaka 1817 Ohm alipata kazi ya kufundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na maabara yenye vyombo vizuri, naye akaitumia kufanya majaribio yake mwenyewe.

Swali lake lilikuwa jepesi kulitaja: waya ukirefushwa, mkondo wa umeme unapungua kwa kiasi gani? Mwaka 1825 alitoa jibu, na jibu hilo halikuwa sahihi. Betri za siku zile zilipoteza nguvu jaribio likiwa bado linaendelea, hata asijue kama kilichopunguza mkondo ni waya au ni betri. Ohm hakung'ang'ania kosa lake. Kwa ushauri wa mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, aliiacha betri, akaunganisha bismathi na shaba, kiungo kimoja akakitia katika maji yanayochemka na cha pili katika barafu. Tofauti ya joto ilipobaki ile ile, msukumo wa umeme nao ukatulia. Akapima nyaya nane za shaba za urefu mbalimbali, moja baada ya nyingine, kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Mwaka 1826 namba zikakubaliana: mkondo ni sawa na msukumo kugawanya kwa ukinzani wa njia nzima.

Mwaka 1827 alichapisha kitabu chake mjini Berlin. Alitumaini kingempatia kazi ya chuo kikuu. Badala yake kilikosolewa vikali, naye akaacha kazi yake ya Cologne, akaishi miaka kadhaa kwa vipindi vichache vya kufundisha. Heshima ilitoka ugenini kwanza: mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa Nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia mjini Munich aliupata mwaka 1852, akafariki mwaka 1854. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ulikubali jina lake liwe kipimo cha ukinzani, pamoja na volti na ampea.

Mwaka ule ule wa nishani, 1841, kijana wa Kiingereza, James Prescott Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha bia, alieleza jambo la pili: joto linalotoka katika waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani.

Sasa turudi bwenini. Tuseme pasi moja ni ya wati 1,150 na umeme ni wa volti 230. Gawanya wati kwa volti: mkondo ni ampea 5. Gawanya volti kwa ampea: ukinzani wa pasi ni ohm 46. Tuseme tena waya wetu mwembamba una ukinzani wa nusu ohm. Kwa pasi moja, waya hupata moto wa 5 mara 5 mara nusu, yaani wati 12.5. Kwa pasi nne mkondo hukaribia ampea 20, na moto wa waya ni wati 200. Pasi zimeongezeka mara nne, moto wa waya mara kumi na sita. Fyuzi imewekwa ili iyeyuke mapema kabla ya hapo. Mjuaji wetu alipoweka shaba nene, waya wote ukawa ndio fyuzi, na magodoro yalikuwa karibu.

Wanafunzi, fyuzi ikikatika msiigombeze. Ulizeni mkondo ulikuwa ampea ngapi. Nasi wazee, tukikutana safari hii tusiishie kwenye picha na pilau. Tuingie maabara, tutazame kama mita zingali zinafanya kazi. Ohm alikuwa na akili na subira, lakini alikuwa pia na shule iliyompa vyombo vya kupimia.