Mji Uliokataa Ukuta

Katika nchi ya Marekani, pwani ya jimbo la Texas, kiko kisiwa kirefu chembamba cha mchanga, na juu yake umejengwa mji uitwao Galveston. Mwaka 1900 mji huo ulikuwa bandari tajiri yenye watu wapatao 37,000, na pamba nyingi ilipakiwa huko kwenda ng'ambo. Lakini mahali pake palipoinuka kupita pote hapakufikia mita 3 juu ya bahari.

Wala hawakukosa onyo. Upande wa kusini-magharibi, katika pwani iyo hiyo, palikuwa na bandari jina lake Indianola. Mwaka 1875 tufani iliipiga, wenyeji wakajenga tena. Mwaka 1886 ikaja tufani ya pili, nao wakauhama mji. Watu wa Galveston waliyaona hayo, na baadhi yao wakatoa shauri kwamba ujengwe ukuta wa kuzuia bahari. Shauri hilo halikutimizwa. Hata mwaka 1891 Bwana Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa mjini humo, aliandika gazetini ya kuwa ni upuuzi kudhani tufani yaweza kuuangamiza mji ule. Tena vilima vya mchanga vilivyokuwa ufuoni, ambavyo ndivyo ngome iliyowekwa tangu asili, vilikatwa ili kujaza mahali pa chini mjini.

Basi siku ya Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1900, tufani ikafika. Tujue ya kwamba katika tufani kuu si upepo uuao watu wengi, bali ni maji. Upepo huisukuma bahari kuelekea nchi kavu, na mahali penye kina kidogo, kama pwani ile, maji hayana pa kwenda ila juu. Siku ile bahari ilipanda zaidi ya mita 4, ikakifunika kisiwa chote. Nyumba zipatazo 3,600 zilibomoka. Waliokufa hawakupungua 6,000, na wengi husema walifika 8,000. Bwana Cline mwenyewe alifiwa na mkewe.

Karibu na ufuo palikuwa na nyumba ya yatima iliyotunzwa na masista. Maji yalipozidi, masista wale walijifunga kamba viunoni pamoja na watoto, wasije wakatengwa nao. Masista 10 na watoto 90 wakafa. Walisalia wavulana 3 tu. Maiti nyingine zilipoonekana, zilikuwa zingali zimefungwa pamoja. Upendo wao haukupungukiwa na kitu. Kilichopungua ni busara ya mji uliojenga bila kuyahesabu maji.

Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Watu wa Galveston waliujenga kweli. Tangu mwaka 1902 hata 1904 walisimamisha ukuta wa zege, kimo chake mita 5 na zaidi, urefu wake kama kilomita 5. Kisha wakauinua mji wenyewe: majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa kwa jeki, na mchanga uliochanganywa na maji ukapigwa kwa mabomba chini yake. Hata kanisa zito liliinuliwa hivyo. Mwaka 1915 tufani nyingine kubwa ikaja, na waliokufa mjini walikuwa wachache sana wakilinganishwa na wale wa kwanza.

Lakini ukuta peke yake haukutosha. Mwezi wa Septemba 2008 tufani iitwayo Ike ilipokuja, maji mengi yaliingia mjini kwa nyuma, kutoka upande wa ghuba, mahali pasipo na ukuta. Maji hufuata mkondo. Kwa hiyo wataalamu hufundisha ya kuwa vilima vya mchanga, vinamasi na nchi za bondeni zina kazi yao: huvunja nguvu za mawimbi, hupokea maji yaliyozidi na kuyaachilia polepole, huweka tope lenye rutuba, na hulea samaki na kamba wachanga. Anayejenga juu yake amejenga katika chumba cha maji.

Ndiyo sababu tangu sheria ya mwaka 1968 Marekani huchora ramani za mafuriko, kuonyesha mahali pa kupigwa na mawimbi, mahali pa kufurika, na mahali pa salama zaidi. Mahali pa hatari ni pale ambapo kila mwaka pana nafasi 1 katika 100 ya kufurika. Wengi hudhani maana yake ni mara moja tu kwa miaka 100, sivyo. Mtu akikaa pale miaka 30, nafasi ya kufikiwa na maji ni zaidi ya moja kwa nne.

Wasomaji wapenzi, ramani ya kijiji chetu imo katika vichwa vya wazee. Kabla hujachimba msingi, waulize: maji yalifika wapi, mwaka gani? Kisha tia alama juu ya mti au jiwe, ili watoto waione. Bonde na tuliachie mpunga na majani, nyumba tuzipandishe mlimani. Yule aliyejenga juu ya mchanga hakukosa bidii ya kujenga, alikosa kuuliza.