Jumatatu ya mbatata mpya Ayalandi

Jumatatu ya kwanza ya Agosti ni sikukuu ya umma katika Jamhuri ya Ayalandi. Maofisi hufungwa, na njia za kwenda ufukweni hujaa magari. Mimi nakaa Galway, upande wa magharibi, na Wapwani wenzangu hapa huiita tu “siku ya benki”. Ndivyo ilivyowekwa na sheria ya Bunge la Uingereza ya 1871, wakati nchi hii ilipokuwa chini ya Waingereza.

Lakini siku yenyewe ni kongwe kuliko hizo benki. Agosti kwa Kiayalandi ni Lúnasa, jina la sikukuu ya mavuno iliyonasibishwa na Lugh, mungu wa watu wa huku kabla ya Ukristo. Kwa hesabu yao ya jadi majira ya joto ni Mei, Juni na Julai, na Agosti mosi msimu wa mavuno umeshaingia.

Ili uielewe, anza na njaa. Zama ambazo mbatata ndiyo iliyokuwa chakula cha maskini, akiba ya mwaka uliopita iliisha kabla mpya hazijakomaa. Julai ukawa mwezi wa dhiki, hata wakauita Julai wa kabeji. Mwenye kuchimba mbatata kabla ya wakati wake alionekana hajui kuendesha nyumba. Kwa hivyo sufuria ya kwanza ya mbatata mpya, kwa siagi na maziwa, ilikuwa ushahidi kwamba nyumba imevuka. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa mbatata. Katika miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakahama. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na ushei, hali mbatata ya kwanza akiwa amesimama. Huketi, na wajukuu hunyamaza.

Desturi nyengine ni kupanda vilima. Vijana walikwenda kuchuma matunda pori madogo meusi, na wengi walirudi na wachumba. Kanisa nalo lina safari yake: Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji hupanda Croagh Patrick, mlima wa mita 764, baadhi yao miguu mitupu. Wanaoijua Mwaka Kogwa ya Makunduchi hawatashangaa kuona mila ya kale na dini vikikaa baraza moja.

Siku chache baadaye, Agosti 10 hadi 12, mji wa Killorglin humvisha taji beberu aliyekamatwa milimani. Wanasimulia kuwa beberu mmoja ndiye aliyewaonya wenyeji kwamba askari wa Cromwell wanakuja. Beberu akawaokoa na mabeberu! Watetezi wa wanyama hawaipendi sherehe hiyo, na mimi pia naona mnyama wa porini hana raha juu ya jukwaa.

Mwisho wa Agosti, kule Ballycastle kwenye Ayalandi ya Kaskazini, kuna gulio ambako huuzwa mwani mwekundu uliokaushwa. Kwetu Kibuyuni mwani hulimwa kwa ajili ya kuuzwa. Wao huutafuna vivi hivi.

Ukialikwa siku hiyo, usimenye mbatata mpya. Zioshe, uzichemshe na maganda yake kwa maji ya chumvi, umwage maji, kisha ufunike kwa kitambaa dakika chache zikauke. Siagi utaitia mezani, si sufuriani.